Tuko Coco, simu ziko hewani: barua ya wazi kwa waajiri

Kwa waajiri wote, maofisa rasilimali watu, na kila mwenye mamlaka ya kutia saini tangazo la nafasi ya kazi.



Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, shahada ya takwimu, hapa Dar es Salaam. Mitihani ya kumaliza iko mlangoni. Barua zetu kwenu kwa kawaida huanza na sifa: taasisi yenu yenye heshima kubwa, nafasi hii adhimu, nitafurahi sana endapo ombi langu litakubaliwa. Hii haina sifa kwa sababu haiombi kazi. Inajibu neno.

Siku ya ajira chuoni kwetu mwaka huu, ofisa wa kampuni moja ambayo sina haja ya kuitaja alipewa kipaza sauti awape nasaha wanaomaliza. Akasema tatizo la vijana wa sasa si ajira, ni starehe. Kila akipita Barabara ya Toure jioni anatuona tumejazana ufukwe wa Coco, tunatafuna mihogo, tunapigana picha, halafu kesho yake tunalalamika hakuna kazi. Akaigiza mwendo wa kijana anayetembea mchangani ndala mkononi. Ukumbi mzima ulicheka, na mimi nikiwemo, maana aliupatia kweli ule mwendo. Ila maneno yale nimeyasikia kwa wajomba, redioni, kwenye daladala, na sasa yametoka kwa mtu anayechambua maombi yetu. Huyo akishaamini kwamba sisi ni wavivu, kila barua ya maombi ataisoma kwa jicho hilohilo.

Basi tuzungumze kuhusu Coco.

Ni bure. Hilo tu lingetosha. Katika jiji hili, mahali ambapo kijana anaweza kukaa tangu alasiri hadi magharibi bila mtu kumuuliza anaagiza nini pamebaki pachache mno. Maktaba imejaa wenye mitihani. Chumba cha bweni ni cha watu wengi, na huwezi kufanya mahojiano ya simu huku jirani yako anapasi shati na mwingine anasikiliza Singeli. Coco haina geti wala tiketi. Tunashuka kituo cha Morocco, tunanyoosha kwa miguu kupitia Oysterbay, tunafika. Mwenye gari anaegesha, sisi tunakung'uta vumbi, na wote tunakalia ukuta uleule tukitazamana na daraja la Tanzanite kule mbele. Miezi hii ya kusi upepo ni mwingi na jua halichomi. Muuzaji anaupasua muhogo wa kukaanga katikati, anaujaza kachumbari, anaumwagia chachandu ya pilipili, anakukabidhi ungali unatoa moshi. Kwa wengi wetu hicho ndicho chakula cha mchana na cha jioni kwa pamoja.

Na pale tunafanya kazi moja ngumu kuliko zote, ya kutafuta kazi. Laptopu ni moja, bando ni la yeyote ambaye limembakia. Mmoja anasoma matangazo kwa sauti, wengine tunasikiliza.

"Hii hapa. Ofisa Mikopo Daraja la Pili."

"Soma sifa."

"Shahada ya kwanza ya uchumi, biashara, takwimu au inayolingana nayo."

"Ehee!"

"Uzoefu usiopungua miaka mitatu katika taasisi ya fedha."

"Haya, funga. Soma nyingine."

Mazungumzo haya tumeyarudia mpaka yamekuwa utani wetu. Mtu akimtania mwenzake kuhusu mchumba, anaulizwa kama ana uzoefu usiopungua miaka mitatu. Lakini chini ya utani kuna jambo ninalotaka mlifikirie. Nafasi ni ya kuanzia, mshahara ni wa kuanzia, ila mtu mnayemtaka ni yule ambaye alishaanza. Wapi? Kwa nani? Mnategemea mwajiri mwingine amfundishe, nanyi mje mumchukue akiiva. Yule mwingine naye ameandika miaka mitatu.

Mtasema tulikwenda mafunzo kwa vitendo. Tulikwenda. Wengine walifundishwa vizuri mpaka leo wanawashukuru wasimamizi wao. Wengine walikaa benchi la mapokezi wakitumwa kutoa kopi na kununua vocha. Vyovyote ilivyokuwa, mwisho wa mafunzo kulikuwa na fomu ya tathmini, na fomu hiyo ilijazwa na nyie. Nyie ndio mlioandika kwamba huyu anafika kwa wakati, anajituma, anaijua kazi, mkagonga muhuri. Sasa muhuri huo mbona mnaukana kwenye tangazo? Kama wiki zile si uzoefu, mlikuwa mnatathmini nini?

Niseme pia kuhusu vyeti, kwa sababu hapa ndipo ufukwe unapoingia hasa.

Matangazo ya utumishi wa umma yanasema waziwazi kwamba matokeo ya muda na hati za matokeo hazikubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Sababu yake naijua na naiheshimu. Mwaka 2017 uhakiki uliwakuta watumishi wa umma 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi. Nchi iliyokwishaumwa kiasi hicho ina haki ya kuogopa. Kampuni binafsi nyingi nazo zimefuata mkondo huo. Tatizo ni kalenda. Mwanafunzi anamaliza mtihani wa mwisho karibu na Julai, na mahafali huja mwishoni mwa mwaka. Katikati hapo kuna miezi ambayo mtu si mwanafunzi tena wala si mhitimu. Bweni amerudisha funguo, bumu limekatika, kitambulisho cha chuo kimekwisha muda, na cheti hakijatoka. Kila tangazo linalopita miezi hiyo linampita. Hawezi kuomba hata nafasi ambayo angeitwa kuanza kazi mwakani.

Sasa mtu huyo mnataka akae wapi saa kumi jioni?

Ningeomba mtafakari njia nyingine. Pokeeni matokeo ya muda kwa sharti kwamba mkataba hautasainiwa mpaka cheti kionekane. Matokeo ya kidato cha nne na cha sita Baraza la Mitihani huyaweka mtandaoni, kila mtahiniwa na namba yake; kuhakiki hilo ni suala la dakika. Na nakala zilizothibitishwa na mwanasheria ziombeni kwa wale mliokwisha kuwaita kwenye usaili. Leo hii mtu anayeomba nafasi nyingi anagongesha muhuri kila cheti, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha chuo, kabla hajajua kama kuna mtu atafungua hiyo bahasha. Bei ya muhuri nayo inategemea mwanasheria ameamkaje. Stesheneri za pale Mwenge zinatujua kwa majina.

Nafasi ni chache, hilo hatuhitaji kuelezwa na mtu. Mimi nasoma takwimu. Juni 2014, Idara ya Uhamiaji ilipoita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, walijitokeza zaidi ya 10,000 kwa nafasi 70. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, maombi yalizidi 135,000. Hiyo ni zaidi ya watu 80 kwa kiti kimoja. Nipeni kijana ambaye hajawahi kukanyaga mchanga wa Coco maishani mwake, analala saa tatu na kuamka kumi na moja. Hesabu hiyo haibadiliki kwa ajili yake. Atakuwa mmoja kati ya 80 kama mimi.

Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kuninyima kazi. Ninachokilalamikia ni kimya.

Mwisho wa matangazo yenu mengi kuna sentensi inayosema watakaojulishwa ni wale tu watakaochaguliwa. Mnaona ni ya kawaida. Nawaambia inagharimu nini. Kwetu ni Mbinga. Miezi hii kahawa inaiva na wazazi wangu wanahitaji mikono, mama ananipigia, hasemi neno la lawama, anauliza tu, "Umefikia wapi, mwanangu?" Natamani kwenda. Lakini kutoka Dar mpaka Mbinga ni safari ya kutwa na zaidi kwa basi, na nyie mna desturi ya kupiga simu Ijumaa jioni kwamba usaili ni Jumatatu saa mbili asubuhi, uje na vyeti halisi. Aliyeko shambani kwa baba yake Jumamosi atafikaje? Basi anabaki mjini. Anajibana na wenzake Manzese au Sinza chumba kimoja, anachangia kodi kwa hela asiyokuwa nayo, anahakikisha simu ina chaji na mtandao unashika. Anasubiri simu ambayo pengine mlishaamua zamani kutompigia, ila hamkumwambia. Mikono ambayo ingekuwa inachuma kahawa iko Coco inakula mihogo, na ofisa wenu anapita na gari lake na kuiita mivivu.

Ujumbe mfupi wa simu ungetosha. "Ombi lako tumelipokea, safari hii hukuchaguliwa." Basi. Atalia kidogo, atapanda basi, ataenda kusaidia nyumbani. Mfumo wa ajira serikalini walau unampa mwombaji akaunti yake, anaingia na kuona alichoomba. Kampuni inayoweza kunitumia ujumbe wa ofa ya bando alfajiri haishindwi kunitumia na huu.

Kuna jioni moja rafiki yangu alinunua mihogo, akafungiwa kwenye karatasi kama kawaida. Alipomaliza kula akaikunjua aangalie, maana sisi tunasoma kila kitu. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa barua ya maombi ya kazi. Jina la mwombaji lilikuwepo, anwani, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, na ile sentensi yetu ya kufurahi sana endapo ombi langu litakubaliwa, mafuta yameitia doa. Hatukucheka. Mmoja alisema tumpigie tumwambie barua yake imefika Coco. Hatukumpigia, tungemwambia nini? Tuliichana vipandevipande tukaitupa pipani.

Naliandika hili kwa sababu lina sheria yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na mtu anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda na kuziharibu ipasavyo akimalizana nazo. Makaratasi ya waombaji hayauzwi kwa kilo kwa wenye vibanda. Na wakati tupo hapo: matapeli wanaotangaza kazi hewa na kuomba hela ya fomu, ya vipimo, ya sare, wanapata namba zetu wapi? Mimi sijui ni kupitia mlango upi, ila najua namba hizo tuliwapa nyie.

Mnatuambia pia tujiajiri. Haya. Njooni Coco Jumapili maji yakiwa yamejaa, mtamwona kijana anayekodisha maboya. Ana shahada ya uchumi. Anajua saa ya maji kujaa na kupwa kila siku ya mwezi, anajua bamvua linaangukia lini, na akiona maji yanaanza kukimbia na mawe yanachomoza anawatoa watoto wa watu kabla mzazi hajaita. Ameniambia hesabu zake za mauzo, akiba, viraka na pampu bila kutazama popote. Akiomba kazi kwenu, hayo yote ataandika wapi? Fomu yenu ina sehemu ya jina la mwajiri, cheo, na namba ya simu ya mkuu wa idara. Mtu aliyejiajiri kama mlivyomwagiza akirudi kwenu mnamwita hana uzoefu. Mimi nimemshauri ajiite Meneja Uendeshaji. Amekataa, anasema hataki kuwadanganya.

Na Bodi ya Mikopo iliyotukopesha ada itatukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi tutakapoajiriwa. Hatubishani nalo hilo, ni deni, na marejesho yetu ndiyo yanayowakopesha wadogo zetu. Ila kila mwezi tunaoupoteza kwa kusubiri simu isiyokuja, mfuko huo nao unasubiri pamoja nasi.

Sasa nirudi kwa yule ofisa, maana sitaki adhani namkwepa. Kuna saa pale Coco hatutafuti kitu. Tunafunga laptopu, tunaingia majini. Katika kundi letu yupo wa Pemba anayeogelea kama aliyezaliwa humo, na yupo dada mmoja kutoka Singida ambaye mwaka wa kwanza alikuwa akisimama maji yakiwa magotini, hasogei. Mwaka huu anaelea chali, mikono ameitanua, anatuamuru tusimguse. Kumfundisha kulichukua jioni nyingi. Baada ya mtihani wa mwisho yeye atarudi Singida, mwingine Bukoba, mwingine Pemba, na huenda tusikutane tena wote mahali pamoja. Nyie mlipomaliza vyuo vyenu mlikuwa na miaka mingapi? Hamkukaa mahali na wenzenu mkacheka? Wengi wenu mlimaliza enzi ambazo barua ya ajira ilimkuta mtu hata hajafungasha begi. Mlicheka mkiwa na kazi mkononi. Sisi tunacheka bila hiyo, na sioni kwa nini kicheko chetu kiwe ndicho chenye kosa.

Starehe hiyo hatuiombei radhi. Mtu anayekataliwa kila wiki, tena kwa kimya, asipopata mahali pa kupumzisha kichwa hatafika kwenye usaili akiwa mzima wa akili, hata mkimwita. Nimewaona waliojifungia ndani na simu zao. Afadhali wa ufukweni.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tangazo mtakalolitoa wiki ijayo kabla hamjalitia saini, lipitieni upya. Nafasi ikiwa ni ya kuanzia, ondoeni miaka mitatu, au andikeni kwamba mafunzo kwa vitendo na kazi ya kujiajiri vinahesabika. Andikeni mshahara, hakuna aibu. Semeni ni lini mtakuwa mmemaliza kuchambua, na siku hiyo ikifika mtujulishe tuliokosa. Usaili uiteni angalau wiki moja kabla, ili aliyeko Mbinga, Kigoma au Sumbawanga naye afike akiwa ameoga. Wanaosubiri cheti wapokeleni kwa masharti. Makaratasi ya waliokosa yateketezeni.

Na yule ofisa, kama anasoma hapa, namkaribisha. Tupo ule upande wenye mikokoteni ya mihogo, karibu na yule kijana wa maboya. Aje na orodha ya nafasi alizonazo. Tutamnunulia muhogo, na wasifu wetu tutampa palepale, umeshachapwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
Dar es Salaam.